Shajara ya mradi: karatasi ya noti iwe sauti, na sauti irudi karatasini

Programu hii ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupokea picha ya karatasi ya noti na kuitoa ikiwa wimbo unaosikika, kila sauti (soprano, alto, tenori, besi) peke yake, ili mwanakwaya asiyesoma noti ajifunze sehemu yake kwa sikio. Ya pili ni kinyume chake: kupokea rekodi ya mtu anayeimba au anayepiga ala, na kutoa karatasi ya noti au solfa, yaani noti zinazoandikwa kwa herufi kama d, r, m.

Hatuandiki kila kitu upya. Picha inasomwa na Audiveris, mafaili yanachambuliwa kwa music21 ndani ya Python, sauti inatengenezwa na FluidSynth, rekodi inasikilizwa na Basic Pitch iliyotolewa na Spotify mwaka 2022, na karatasi inapangwa na MuseScore. Zote ni za bure na msimbo wake uko wazi. Kazi yetu iko kwenye viungo, na viungo ndivyo vinavyouma.

Wiki ya 1: faili la kati

Uamuzi wa kwanza ni faili gani likae katikati ya njia zote mbili. Wengi hukimbilia MIDI kwa sababu inafunguka kila mahali. Tumeikataa kwa kazi hiyo. MIDI ilibuniwa mwaka 1983 ili vinanda vya umeme vielewane, na ndiyo maana inajua kitufe kilichobonyezwa, nguvu yake na muda wake. Kila kitufe kina namba kati ya 0 na 127: C ya katikati ni 60, na A ya 440 Hz ni 69. F shapu (iliyopandishwa nusu toni) na G flati (iliyoshushwa nusu toni) zote ni 66. Anayesoma karatasi anaziona kuwa noti mbili tofauti zinazokaa mahali tofauti kwenye mistari mitano. MIDI inaona kitufe kimoja. Haijui pia kama shina la noti linaelekea juu au chini, na kwenye karatasi ya kwaya shina ndilo linalotenganisha soprano na alto.

Katikati tumeweka MusicXML, faili la maandishi linaloeleza noti kama zinavyoandikwa karatasini. Noti moja ndani yake inaonekana hivi:

<note><pitch><step>F</step><alter>1</alter><octave>4</octave></pitch><duration>2</duration><type>quarter</type></note>

Jina ni F, imepandishwa nusu toni moja, iko oktava ya 4, ni robo noti. Namba 2 ya muda haina maana peke yake: inasomwa pamoja na <divisions> iliyotajwa mwanzoni mwa sehemu, yaani pigo moja la robo limegawanywa vipande vingapi. Hapa ni 2. Ukiunganisha kurasa mbili zilizosomwa mbalimbali, moja ina divisions 2 na nyingine 8, ukasahau kusawazisha, ukurasa wa pili utaimbwa kwa mwendo wa mara nne zaidi au polepole mara nne. Tumeweka sheria: kila faili likiingia, divisions inageuzwa kuwa 24 papo hapo. Namba 24 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6 na 8, kwa hiyo noti tatu ndani ya pigo moja nazo hazibaki na mabaki.

MIDI tunaitengeneza mwisho kabisa, pale tu FluidSynth inapoihitaji.

Wiki ya 2 na ya 3: picha

Amri yenyewe ni fupi:

Audiveris -batch -export -output matokeo -- ukurasa.png

Inatoa faili la .mxl, ambalo ni MusicXML iliyofungwa kwa zip. Ubora wa kinachotoka unategemea picha kuliko kitu kingine chochote, na kipimo cha kuangalia ni nafasi kati ya mstari na mstari, kwa pikseli. Mistari mitano ikiwa na kimo cha milimita 7, nafasi moja ni milimita 1.75. Ukiskani kwa 300 dpi (nukta 300 kwa kila inchi), kila milimita ina pikseli 11.8, hivyo nafasi ni pikseli 20 na ushei. Hapo kichwa cha noti kinaonekana kama kichwa. Picha ya simu yenye upana wa pikseli 3000 inatosha pia, mradi ukurasa wa A4 ujaze fremu nzima: pikseli 14 kwa milimita. Mpiga picha akisimama mbali, ukurasa ukachukua nusu ya fremu, nafasi inashuka hadi pikseli 12 au 13, na hapo duara tupu la nusu noti huanza kuzibika na kusomwa kama robo. Sasa programu inapima nafasi hiyo kabla ya kuanza kazi. Ikiwa chini ya 15 inamwambia mtumiaji apige picha upya kwa karibu. Ni heri kumrudisha hapo kuliko kumpa wimbo wenye makosa arobaini.

Kivuli cha mkono ni adui mwingine. Kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa kizingiti kimoja cha mwangaza cha ukurasa mzima kunafanya kona yenye kivuli iwe nyeusi tupu. Tunatumia kizingiti kinachohesabiwa upya kwa kila eneo dogo, lenye upana wa nafasi kama nane za mistari. Dogo kuliko hapo, vichwa vyeusi vya noti huanza kutoboka katikati.

Halafu kuna uchafu. Kidoa cha wino kikiangukia kulia kwa kichwa cha noti kinasomwa kuwa nukta, na nukta huongeza muda wa noti kwa nusu yake. Kidoa hicho kimoja kinasogeza kila kitu kinachofuata. Dawa yake ndiyo jaribio lenye faida kubwa kuliko yote tuliyoandika: kujumlisha muda wa kila baa, sauti kwa sauti. Wimbo wa 4/4 ukiwa na baa yenye mapigo manne na nusu, baa hiyo inapakwa rangi nyekundu na mtumiaji anaonyeshwa kipande cha picha halisi kando ya kilichosomwa. Baa ya kwanza na ya mwisho zinaangaliwa pamoja, kwa sababu nyimbo nyingi huanza na pigo moja kabla ya baa kamili, na baa ya mwisho inabaki na matatu. Jaribio hili halikamati noti iliyosomwa mstari mmoja juu au chini. Kwa hilo hakuna njia ila sikio.

Sauti mbili kwenye mistari mitano milemile zimechukua siku nyingi. Kanuni ni shina juu kwa soprano, shina chini kwa alto. Wachapaji hata hivyo wana njia zao za mkato. Sauti mbili zikikutana kwenye noti moja, kichwa kinakuwa kimoja chenye mashina mawili. Msomaji wa picha huona noti moja, na alto inabaki na pigo pungufu. Hilo jaribio la baa linalikamata. Gumu ni pale sauti zote mbili zina mapigo sawa na mchapaji ameziunganisha kwenye shina moja. Vichwa vyote viwili vinaingia kwenye soprano na baa ya alto inabaki tupu. Tumeandika kanuni: ikiwa sauti moja ni tupu kwa baa nzima na nyingine ina noti mbilimbili, ya juu ibaki soprano, ya chini ihamie alto.

Tenori nayo. Kwenye karatasi ambayo kila sauti ina mistari mitano yake, tenori huandikwa kwa klefu ya G (alama ya mwanzo wa mistari) yenye namba 8 ndogo chini yake, maana yake iimbwe oktava moja chini. Namba hiyo ni ndogo mno, na vitabu vya zamani mara nyingi haviiweki kabisa. Ikikosekana, tenori inaimba juu ya alto. Programu inalinganisha noti ya katikati ya kila sauti, tenori ikizidi alto, inauliza: «Tenori ishushwe oktava moja?» Haishushi yenyewe.

Wiki ya 4: kutoka faili hadi sauti

fluidsynth -ni -F soprano.wav -r 44100 benki.sf2 soprano.mid

Kwa kila sauti tunatoa rekodi moja ambamo sauti hiyo iko juu na nyingine ziko chini: kidhibiti namba 7 cha MIDI (kiasi cha sauti) kikiwa 110 kwa mwenye sehemu na 50 kwa wengine. Kunyamazisha wengine kabisa hakufai. Mwanafunzi anajifunza noti zake, kisha akikutana na kwaya anapotea kwa sababu hajawahi kusikia kinachomzunguka.

Mlio wa «kwaya» uliomo katika General MIDI, orodha ya kawaida ya milio ya MIDI, ni mtamu na haufai kufundishia. Unaanza polepole, pigo halisikiki lilianzia wapi. Mwenye sehemu tunampa piano, wengine tunawapa ogani.

Hitilafu ya wiki hii inastahili kuelezwa kwa urefu. Katika noti zinazorudiwa, mfano G tatu mfululizo, ya pili na ya tatu zilikuwa kimya. Noti ya MIDI ni ujumbe mbili: washa na zima. G ya kwanza inazimwa kwenye tiki (kipimo kidogo cha muda cha MIDI) ya 480, na G ya pili inawashwa kwenye tiki hiyohiyo ya 480. Msimbo wetu ulipanga ujumbe kwa muda tu, na muda ukilingana, «washa» ilitangulia. Kwa hiyo G ya pili iliwashwa, kisha «zima» ya G ya kwanza ikafika na kuizima hapohapo. Suluhisho ni mstari mmoja: muda ukilingana, «zima» itangulie. Tumefupisha pia kila noti inayofuatwa na mwenzake wa namba ileile kwa tiki 20, ili sikio lipate mpaka.

Ndugu wa hitilafu hiyo: soprano na alto zikiwa kwenye chaneli moja na zikaimba noti ileile, anayemaliza kwanza anamzima mwenzake. Kila sauti iwe na chaneli yake. Na chaneli ya 10 irukwe daima, kwa sababu General MIDI imeitengea ngoma; sehemu ya kumi ya bendi ikiwekwa humo itasikika kama mabati.

Kwa ala zinazohamisha sauti, yaani zinazolia noti tofauti na iliyoandikwa, <transpose> isikose. Tarumbeta ya B flati ikiandikiwa C inalia B flati, nusu toni 2 chini. Saksafoni ya alto, nusu toni 9 chini. Picha haisemi ni ala gani isipokuwa kwa jina lililoandikwa pembeni, na jina likisomwa vibaya bendi nzima inagongana. Hili nalo limekuwa swali kwa mtumiaji.

Wiki ya 5 na ya 6: kutoka rekodi hadi noti

Rekodi inaandaliwa kwanza:

ffmpeg -i rekodi.mp3 -ac 1 -ar 22050 rekodi.wav

Kwa nini tusitumie tu mchanganuo wa kawaida wa masafa na kuchukua kilele? Hesabu yenyewe inajibu. Dirisha (kipande cha sauti kinachopimwa kwa mara moja) la sampuli 4096 kwa 44100 Hz linatenganisha masafa kila baada ya Hz 10.8. E ya chini ya besi ni 82.4 Hz na F inayofuata ni 87.3, tofauti haifiki 5. Kuzitenganisha kunahitaji dirisha la sampuli kama 9000, yaani zaidi ya milisekunde 200, na noti ya thumni, yaani nusu ya pigo, kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika ina milisekunde 250 tu. Ukitaka kujua noti gani, unapoteza kujua ilianza lini. Ndiyo sababu tunatumia modeli iliyofunzwa.

Mipangilio ya mwanzo ya Basic Pitch tumebadilisha mitatu. Urefu mdogo kabisa wa noti unaokubalika ni karibu milisekunde 128, na nusu ya thumni kwa mwendo wa 120 ni 125, kwa hiyo noti hizo zinatupwa zote. Tumeshusha hadi 70. Masafa tumeyabana kati ya 75 na 1100 Hz kwa rekodi za uimbaji, maana chini ya hapo ni ngurumo za chumba na juu yake ni «s» za waimbaji. Na kizingiti cha mwanzo wa noti tumekipandisha kutoka 0.5 hadi 0.6 kwa rekodi zenye mwangwi.

basic-pitch matokeo rekodi.wav --minimum-note-length 70 --onset-threshold 0.6 --minimum-frequency 75 --maximum-frequency 1100

Baada ya hapo kuna noti za mzuka. A ya 110 Hz hailii peke yake. Inabeba 220, 330 na 440 ndani yake. Masafa ya 220 na 440 ni A za juu, na 330 iko jirani kabisa na E ya 329.6. Modeli ikikosea, besi mmoja anaandikwa kama watu wanne. Tunafuta noti inayoanza ndani ya milisekunde 30 za noti ya chini yake, iliyo juu kwa nusu toni 12, 19 au 24, ikiwa nguvu yake ni chini ya theluthi. Kanuni hii inafuta pia noti halali pale soprano anapoimba oktava ya besi kwa upole, kwa hiyo tumeiwekea swichi, na tunaiwasha wenyewe kwa sauti moja na ala moja tu.

Kwaya isiyo na kinanda hushuka. Ikishuka senti 50, yaani nusu ya nusu toni, kila noti inakaa mpakani na karatasi inajaa shapu zisizokuwepo. Tunapima mwelekeo kwa estimate_tuning ya librosa, maktaba ya Python ya kuchambua sauti, kila sekunde 10, kisha tunarudisha rekodi mahali pake kabla ya kuisikiliza.

Kutenganisha sauti nne kutoka rekodi moja ya kwaya tumeacha. Kupanga kwa urefu wa sauti kunaonekana kufanya kazi hadi alto na tenori wanapopishana, na kutoka hapo majina yanabadilishana bila mtu kujua. Anayetaka karatasi ya sauti nne arekodi mara nne, kila sauti peke yake, wote wakisikiliza pigo lilelile masikioni.

Wiki ya 7: muda

Hapa ndipo karatasi zinapoharibika. Noti zinaweza kuwa sahihi zote na karatasi isisomeke.

MIDI inayotoka imeandikwa mwendo wa 120 hata kama mwimbaji aliimba kwa 90. Kwa 90, pigo lina milisekunde 667. Faili linadhani pigo ni 500. Kila robo noti inaandikwa kama pigo moja na theluthi, imefungwa kwa tao kwenye noti nyingine, na mistari ya baa inakata popote. Kubahatisha mwendo kwa mashine kunafaa kwa muziki wenye ngoma. Kwa mtu anayeimba na kupumua apendapo, mashine huchukua mara mbili ya mwendo au nusu yake.

Tumemwachia mtumiaji agonge. Rekodi inachezwa, yeye anabonyeza kitufe cha nafasi kwa kila pigo na kitufe cha 1 kwa pigo la kwanza la baa. Watu hugonga mapema kidogo kuliko pigo, na spika za bluetooth huchelewesha sauti, kwa hiyo mibonyezo yote inasogezwa pamoja: tunatafuta tofauti kati ya kila mbonyezo na mwanzo wa noti iliyo karibu, tunachukua ya katikati, tunasogeza kwa kiasi hicho. Kusogeza kila mbonyezo peke yake tulijaribu. Ni kosa, maana pigo lenye pumziko halina noti ya kuegemea na linavutwa kwa jirani.

Kila pigo kisha linagawanywa mara 4. Mfano wa pigo la milisekunde 600 lenye noti mbili: ya kwanza 0, ya pili 390. Kwa gridi ya nne, 390 iko karibu na 450, inakuwa thumni yenye nukta ikifuatwa na nusu ya thumni. Kwa gridi ya tatu, yaani pigo likigawanywa mara 3, iko karibu na 400. Kwa hesabu tupu gridi ya tatu inashinda. Lakini waimbaji hulegeza noti yenye nukta kila siku, na mtunzi aliandika nukta. Kwa hiyo gridi ya tatu imefungwa mpaka mtumiaji aseme wimbo una noti tatu ndani ya pigo. Kwa 6/8 anagonga mara mbili kwa baa na pigo linagawanywa mara 6.

Mwisho wa noti hatuuamini kabisa. Konsonanti huukata, mwangwi huurefusha. Kila noti inaendelezwa hadi noti inayofuata, isipokuwa ukimya unapozidi nusu pigo; hapo pumziko linaandikwa.

Kwa upande wa rekodi, maswali kwa mtumiaji sasa ni manne, yote kabla ya kazi kuanza: do ni ipi, baa ina mapigo mangapi, kuna noti tatu ndani ya pigo au hakuna, sauti ni ngapi. Makisio ya kii (ngazi ya wimbo) ya music21 yanaonyeshwa kama pendekezo. Hukosea zaidi kati ya kii kubwa na ndogo yake, C na A ndogo, ambazo alama zake mwanzoni mwa mistari ni zilezile. Kinachoharibika ni G shapu kuandikwa A flati.

Wiki ya 8: solfa na maneno

Wanakwaya wengi wanasoma solfa na hawasomi mistari mitano, kwa hiyo solfa si nyongeza. Do ikiwa G, baa yenye G robo, A na B thumni, kisha D nusu, inatoka hivi:

| d :r .m | s :– |

Mstari wa katikati hugawa baa hiyo moja mara mbili, nukta mbili hutenganisha mapigo, nukta moja hugawanya pigo, kistari huendeleza. C shapu ni fe, F ya kawaida ni ta. Tenori na besi zinaandikwa oktava moja juu ya sauti halisi, kama ilivyo desturi ya solfa, la sivyo besi nzima inajaa alama za chini. Lazima fonti iwe ya upana sawa, na kila pigo lichukue upana wa sauti iliyo ndefu kuliko zote. Nukta mbili za sauti nne zisipokaa safu moja, karatasi haiimbiki.

Maneno yanasomwa na Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha, kwa lugha ya swa (Kiswahili), kisha yanakatwa silabi. «M» mbele ya konsonanti mara nyingi ni silabi kamili: m-to-to, noti tatu. Mbele ya «b» kwa kawaida inaungana: mbe-gu. Lakini mbwa ni m-bwa. Na «mbaya» ya mtu mbaya ni m-ba-ya, wakati ya nyumba mbaya ni mba-ya: herufi zilezile, noti tatu au mbili. Hapo programu inahesabu noti zilizo juu ya neno na kuchagua mgawanyo unaolingana. Noti zikiwa na tao, hesabu hiyo nayo inadanganya, na neno linapakwa njano.

Kilichobaki: marudio. expandRepeats ya music21 inafanya kazi vizuri alama zikiwepo, ila mabano ya mwisho wa kwanza na wa pili hayasomwi kwenye picha pale mstari wake unapogusa maneno ya juu. Majaribio ya wiki ijayo yanaanzia hapo.